Shahidi Mkweli Naye Hukosea



Mtu akishapata uraia wa nchi hii, siku moja atafungua sanduku la barua na kukuta bahasha ya mahakama ya Kaunti ya Prince George's, hapa hapa kwetu Upper Marlboro, ikimwita kuhudumu kwenye juri. Wengi wetu huipokea kwa hofu. Tulikotoka tulizoea kwamba jaji ndiye mwenye uamuzi. Hata wazee wa baraza walimshauri tu. Hapa, katika kesi nzito ya jinai, raia 12 wa kawaida, fundi, muuguzi, dereva wa basi, ndio wanaosema kama mtu ana hatia au hana. Kwa hiyo kosa la hukumu si jambo la wanasheria peke yao. Linaweza kuwa letu.

Maryland haina tena adhabu ya kifo. Ilifutwa mwaka 2013, Gavana Martin O'Malley alipotia saini sheria hiyo. Miongoni mwa waliopigania kufutwa kwake alikuwa Kirk Bloodsworth, na yaliyompata tunapaswa kuyajua.

Mwaka 1984 mtoto wa kike wa miaka 9 aliuawa kikatili huko Rosedale, karibu na Baltimore. Mashahidi watano walimtambua Bloodsworth, mwanajeshi wa zamani asiye na rekodi yoyote ya uhalifu. Mwaka 1985 akahukumiwa kifo. Rufaa ilimpatia kesi mpya, kwa sababu upande wa utetezi haukupewa habari ambazo polisi walikuwa nazo kuhusu mtu mwingine. Lakini juri ya pili nayo ilimtia hatiani, akafungwa maisha. Mwaka 1993 kipimo cha DNA kilionyesha kwamba siye. Alikuwa amekaa gerezani karibu miaka tisa. Akawa mtu wa kwanza Marekani, kati ya waliowahi kuhukumiwa kifo, kusafishwa kwa DNA.

Sisi tunaosoma Biblia tumefundishwa kumwogopa shahidi wa uongo. Tunamkumbuka Nabothi, aliyepigwa mawe kwa maneno ya watu wawili waovu. Torati nayo ilidai mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajauawa. Bloodsworth alikuwa na watano, na hatuna sababu ya kudhani kwamba walimchukia. Walisema walichoamini wamekiona. Hilo ndilo linalotutisha: kumwua asiye na hatia hakuhitaji watu waovu. Watu wema wenye uhakika wanatosha.

Wapo kati yetu wanaouliza: na mama wa yule mtoto je? Mwanzo sura ya 9 inasema nini juu ya amwagaye damu? Swali hilo ni la haki, na asiyewahi kufiwa namna hiyo asilijibu kwa wepesi. Lakini tuangalie kilichofuata. Mwaka 2003 DNA ile ile ilimpata mwuaji wa kweli, naye baadaye akakiri kosa. Alikuwa amefungwa kwa kosa jingine katika gereza moja na Bloodsworth, ambaye alikuwa akimpelekea vitabu vya maktaba. Kama Bloodsworth angeuawa mapema, nani angeendelea kutafuta? Faili lingefungwa, na yule mama angeambiwa haki imetendeka, kumbe amelipwa kwa damu isiyohusika. Adhabu ya kifo ikikosea, humwua mmoja na kumficha mwingine.

Kifungo nacho ni kizito, na miaka tisa ya ujana hairudishwi na mtu. Hata hivyo aliye hai anaweza kufunguliwa mlango, kuombwa radhi na kurudi kwa watu wake. Kaburi halina rufaa.

Nyumbani jambo hili halijakwisha. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na Tanzania tangu 1994, lakini adhabu hiyo ingali katika sheria. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema si halali jaji kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila mwuaji. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikasema vivyo hivyo kuhusu Tanzania. Kongo, kwa upande wake, ilitangaza Machi 2024 kwamba usitishaji wa tangu 2003 umeondolewa. Na sote tunajua ile hukumu isiyo na jaji wala rufaa: sauti moja inapiga kelele "mwizi!", na tairi linaletwa.

Basi bahasha ikifika, aliye raia aende. Asikilize mpaka mwisho, na asione haya kuwa mmoja dhidi ya kumi na mmoja kama moyo wake haujaridhika. Wazazi, tuwafundishe watoto wetu kusema "sina hakika" bila aibu. Na tunapowaombea majeruhi na wafiwa Jumapili, tuwakumbuke pia walio gerezani kwa kosa la mwingine. Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa kifo mbele ya mtu aliyekiri kwamba haoni hatia kwake, kisha akanawa mikono.

Mungu atujalie hofu ya kukosea. Amina.