Hongo ya Njia

Mtu akiondoka Tabora mjini alfajiri kwa gari, akasimama kidogo Kwihara, kisha akashika barabara ya kusini, atapita Sikonge na kufika Ipole kabla jua halijawa la utosi. Ipole ni njia panda: barabara moja yaelekea Mpanda, na nyingine yaenda Rungwa hadi nchi ya Mbeya. Siku hizi lami imeifanya safari ya Mpanda kuwa nyepesi, na shule nyingi zaidi zaweza kuwapeleka vijana kutazama mahali pa kihistoria na kuonja vyakula vya wenyeji. Jambo hili ni jema. Hata hivyo hatuna budi kujiuliza: je, ni haki mtu kujifurahisha katika nchi ambayo wenzake waliipita wakiwa na mizigo mabegani, na wengine minyororo shingoni?

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji. Matawi yake yalielekea pande nyingine pia. Mwaka 1871, vita vya Mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya magharibi, Stanley alilazimika kuzunguka kwa kusini, akakata misitu ya Ugunda na Ukonongo. Kutoka bara zilikwenda pembe za ndovu na watumwa. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Mpagazi mmoja aliweza kubeba ratili 60 au 70, mwezi baada ya mwezi.

Wapo wasemao kwamba njia hiyo ni kaburi, na kaburini watu hawali wala hawacheki. Wapo pia wasemao kwamba yaliyopita yamepita, na msafiri afurahie mandhari yake bila kusumbuliwa na wafu. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Wa kwanza wamesahau kwamba njia haikuwa ya machozi matupu. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru, waliofanya kazi kwa ujira, wakajivunia uhodari wao, na kijana aliyewahi kufika pwani alirudi kwao akiwa mtu wa kuheshimiwa. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya heshima yao. Wa pili nao wanakimbia ukweli. Na ukweli wenyewe hautuachi sisi salama, kwa maana si wageni peke yao waliofaidi biashara ile. Wamo watemi wetu na matajiri wetu waliouza watu na waliomiliki watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa katika Tanganyika ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922 tu. Mwalimu anayewafundisha vijana kulaumu wageni peke yao amewafundisha nusu ya historia.

Tusimame Kwihara. Hapo pana tembe lililojengwa upya, nalo hujulikana kwa jina la Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872. Mgeni huingia, hutazama, hupiga picha, akatoka. Lakini mwaka uliofuata tukio kubwa zaidi lilipita mahali hapo. Livingstone alikuwa amefariki katika nchi iitwayo leo Zambia, na watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walikuwa wanaichukua maiti yake kuipeleka pwani. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri waizike huko. Walikataa. Waliendelea kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alipozikwa London mwezi Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo kaburini. Katika kundi lile alikuwamo pia Halima, mwanamke aliyempikia Livingstone. Ni wanafunzi wangapi wanaolijua jina lake? Msafiri aliyekula alitajwa duniani kote. Aliyempikia amebaki pembeni ya hadithi.

Hapa ndipo tunapolikumbuka neno hongo. Leo neno hili lina aibu, maana yake ni rushwa. Zamani lilikuwa ushuru aliolipwa mtemi na msafara upitao katika nchi yake. Katika Ugogo, penye uhaba wa maji, msafara haukupita bila kutoa nguo. Wako watemi waliozidisha, na wasafiri walilalamika sana. Lakini ndani ya desturi ile mlikuwamo wazo la haki: kwamba nchi ina wenyewe, na apitaye na kunywa maji yao ana deni kwao. Hongo ya zamani ilitolewa hadharani, ikajadiliwa mbele za watu. Ilipoanza kutolewa gizani ndipo ilipogeuka uovu. Basi tunauliza: msafiri wa leo, ambaye lami imemfanya aone kwamba njia ni yake, analipa hongo gani?

Jibu tunaliona katika chakula. Mgeni wa pande za Ipole hupewa ugali kwa uyoga wa msituni, karanga, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani ili vidumu. Hupewa na asali. Asali hiyo imerinwa na mtu aliyepanda mti usiku, akiwa na moshi mkononi na nyuki usoni. Mgeni anayeilamba, akaisifu, kisha akapigania kupunguziwa bei mpaka muuzaji akubali kwa unyonge, huyo amepita bila kulipa hongo. Hana tofauti kubwa na tajiri wa msafara aliyehesabu pembe zake bila kuwahesabu wapagazi waliofia njiani.

Kwa hiyo hatusemi safari ziachwe. Furaha si dhambi. Wapagazi wenyewe walipofika kambini walipika, wakacheza ngoma. Twasema kwamba furaha iwe na deni linalojulikana. Kijana alipe bei ya haki. Amwamkie mzee shikamoo na kumwuliza habari za babu zake, kisha ayaandike anayoambiwa, hata yale yasiyopendeza. Na mwalimu, kabla ya kutaja jina la mgeni aliyepita, ataje kwanza jina la aliyebeba na la aliyepika, kila linapojulikana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la msafiri wa leo ni kalamu na ukweli. Asiyekubali kulishika, na asile asali ya wenyewe.