Somo la 8: Vazi la Mwanamume na Bei Yake

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 3:7–21, Kumbukumbu la Torati 22:5, Yoshua 7:19–21, Isaya 55:1, 2, Warumi 13:8, Matendo 9:36–41, Yakobo 2:1–9.

Fungu la kukariri: 1 Samweli 16:7. Lisome kwa sauti katika Biblia yako, kisha lieleze kwa maneno yako mwenyewe.

Mwulize mtu yeyote jijini Mwanza kama inafaa mwanamume avae sketi, naye huenda akacheka kabla ya kujibu. Lakini mtu huyohuyo asubuhi amempita mlinzi wa Kimasai aliyevaa lubega mbele ya duka, na amesalimiana na jirani aliyejifunga msuli akipiga mswaki barazani. Hakucheka. Nguo hizo mbili hazina miguu kama suruali, lakini kila mtu anajua kwamba ni nguo za kiume.

Siku hizi vijana huona kwenye simu zao wasanii wa kiume wa nchi za mbali wakiwa wamevaa sketi za wabunifu wakubwa. Wazee hushtushwa na umbo la vazi. Vijana mara nyingi huvutwa na jina lililoandikwa juu yake. Maneno ya Bwana kwa Samweli yanawahusu wote wawili, kwa maana macho ya mwanadamu huishia kwenye kitambaa. Juma hili linachunguza maswali mawili: Umbo la vazi lina uzito gani mbele za Mungu? Na bei yake je?

JUMAPILI
Fundi wa Kwanza

Soma Mwanzo 3:7 na 3:21. Linganisha vazi ambalo Adamu na Hawa walijitengenezea na lile walilopewa na Mungu. Kuna tofauti gani?

Vazi la kwanza lilikuwa la majani. Lilikuwa rahisi kupatikana, lakini lisingedumu. Vazi la pili lilikuwa la ngozi, na aliyelitengeneza ni Mungu mwenyewe. Adamu hakulipa chochote, ingawa vazi halikuwa bure: mnyama asiye na hatia alikufa ili wenye hatia wasitiriwe. Tangu mwanzo, basi, vazi bora kuliko yote lilikuwa zawadi. Hakuna aliyeweza kujivunia bei yake.

Tazama pia kwamba Maandiko hayaelezi mshono wa vazi hilo. Wanaume wa Biblia kwa kawaida walivaa kanzu na joho. Yakobo alimshonea Yusufu kanzu ya pekee (Mwanzo 37:3), na askari walipiga kura kwa ajili ya kanzu ya Yesu isiyo na mshono (Yohana 19:23, 24). Suruali za kitani zinatajwa katika Kutoka 28:42, nazo zilikuwa vazi la ndani la makuhani, la kufunika kutoka kiunoni hadi mapajani. Kama Petro angeshuka leo kutoka kwenye mtumbwi pale Mwaloni Kirumba akiwa na nguo zake za kila siku, huenda wengi wangeuliza kwa nini mvuvi huyu amevaa gauni.

Kwa nini ni hatari kuchukua desturi ya mavazi ya kizazi kimoja na kuifanya amri ya Mungu kwa vizazi vyote?

JUMATATU
La Kiume na la Kike

Soma Kumbukumbu la Torati 22:5. Fungu hili linalinda jambo gani?

Mungu aliumba mwanamume na mwanamke (Mwanzo 1:27), naye anapenda tofauti hiyo iheshimiwe. Hiyo ndiyo kanuni, na haijabadilika. Lakini Musa hakuorodhesha ni vazi gani la kiume na lipi la kike, kwa sababu kila mtu katika kambi ya Israeli alijua. Wanaume na wanawake wote walivaa kanzu. Tofauti ilionekana katika namna ya kuzishona, kuzipamba na kuzivaa.

Historia ya Ziwa Victoria inafundisha jambo hilohilo. John Hanning Speke alipolifikia ziwa karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858, misafara iliyotoka pwani ilikuwa ikibeba nguo kama fedha. Kitambaa cheupe kilichoitwa merikani, kwa kuwa kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, kilipimwa kwa shuka na doti: shuka moja mikono minne, na doti moja shuka mbili. Mwanamume aliyepata shuka alijifunga kiunoni au alitupia begani, naye alihesabiwa kuwa amevaa vizuri. Wamisionari Waadventista walifika Upareni mwaka 1903, na Gendia, ufukoni mwa ziwa upande wa Kenya, mwaka 1906. Suti na tai zilienea baadaye pamoja na shule, ofisi na misheni. Ni mavazi ya heshima, lakini hayakutoka Sinai.

Nje ya Afrika ni vivyo hivyo. Katika visiwa vya Fiji wanaume, wakiwemo wachungaji, huingia kanisani wakiwa wamevaa sulu, vazi la kiunoni lililoshonwa kwa unadhifu. Huko Uskoti bwana arusi huvaa kilti, sketi ya sufu yenye marinda, na hakuna anayemdhania kuwa mwanamke.

Kwa hiyo swali la Kumbukumbu 22:5 haliishii kwenye kuhesabu miguu ya nguo. Linauliza: Katika jamii hii, vazi hili linasema nini, na anayelivaa anakusudia kusema nini? Lubega mjini Mwanza ni vazi la mwanamume. Sketi iliyoshonwa na kuuzwa Mwanza kwa ajili ya wanawake ni vazi la mwanamke. Kijana anayeichukua hiyo ili awashangaze watu ameiacha kanuni, hata kama ameiona Paris. Mmasai aliyevaa shuka lake hajaiacha, hata kama mgeni wa Ulaya angeliita sketi.

Utamsaidiaje kijana kutofautisha kanuni ya Biblia na desturi ya mahali, bila kudharau hata moja?

JUMANNE
Bei ya Jina

Soma Yoshua 7:19–21. Katika orodha ya vitu alivyochukua Akani, ni kipi kinachotajwa kwanza?

Kabla ya fedha na dhahabu, Akani alitaja vazi zuri lililotoka mbali. Katika Israeli vilikuwepo vitambaa vya kutosha, lakini hili lilikuwa na jina la Babeli. Ajabu ni kwamba hakulivaa hata siku moja. Alilifukia ardhini ndani ya hema yake. Alipoteza uhai wake na jamaa yake kwa ajili ya nguo ambayo asingeweza kuonekana nayo.

Jina bado lina nguvu. Katika mavazi yake ya mwaka 1985, mbunifu Mfaransa Jean Paul Gaultier aliwapandisha jukwaani wanaume waliovaa sketi, na tangu hapo nyumba kubwa za mitindo zimerudia jambo hilo mara nyingi. Katika mavazi yake ya kiume ya mwaka 2012, nyumba ya Louis Vuitton ilitumia miraba ya shuka za Kimasai. Mlinzi wa zamu ya usiku huvaa miraba ya namna hiyo kila siku, lakini ile yenye jina la Paris iliuzwa kwa bei ambayo mshahara wake usingeifikia. Mistari ni ileile, na baridi inayozuiwa ni ileile. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei ni jina, duka na tangazo.

Mtu anaweza kusema, “Hilo ni la matajiri.” Lakini jaribu hili lipo hadi kwenye meza za wamachinga. Fulana yenye nembo ya kughushi huuzwa kwa kijana ambaye anajua wazi kwamba si ya kampuni hiyo. Haitaji fulana hiyo kwa ajili ya kitambaa. Anataka watu waamini kwamba ana fedha ambazo hana. Nembo hiyo imekuwa shahidi wa uongo kifuani pake (Kutoka 20:16). Muuzaji anayeificha kweli hiyo kwa mnunuzi naye anashiriki.

Je, lipo vazi ambalo usingelinunua kama jina lake lingeondolewa? Jibu hilo linafunua nini kuhusu moyo?

JUMATANO
Hesabu ya Nguo

Soma Isaya 55:1, 2 na Warumi 13:8. Nabii na mtume wanatoa onyo gani juu ya matumizi ya fedha?

Mkristo haagizwi kuvaa matambara, wala kununua kila mara kilicho cha bei ya chini. Wahenga walisema: Rahisi ghali. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, shati la shilingi 10,000 linalovaliwa mara 20 kisha likachanika. Kila mara lilipovaliwa liligharimu shilingi 500. Shati jingine la shilingi 40,000 likavaliwa mara 160. Kila mara ni shilingi 250. La tatu, lenye jina kubwa, likanunuliwa kwa shilingi 120,000, nalo pia likadumu mara 160. Hapo kila mara ni shilingi 750, na shilingi 500 kati ya hizo zimelipia jina. Busara humchagua la kati. Mara nyingi huweza kulipata katika soko la mitumba la Mlango Mmoja, kwa anayejua kukagua mshono, kola na vifungo, au kwa fundi cherehani wa mtaani anayepima mwili wa mteja.

Lakini kanisa nalo lijikague. Makambi yanapokaribia, tangazo hutolewa: kila idara ishone sare, kitambaa cha aina fulani, kwa fundi fulani. Kwa mwenye mshahara ni jambo dogo. Kwa mvuvi wa dagaa ambaye mwezi mzima ziwa limechafuka, mwenye watoto watatu katika idara tatu, ni mzigo. Wengine hukopa kwenye vikoba ili wasiaibike, kisha hurudisha mkopo huo kwa fedha ya ada au ya unga. Wengine husema wana safari, nao hukosa Neno la Mungu juma zima kwa sababu ya kitambaa. Hakuna mzee wa kanisa aliyewafukuza. Sare ndiyo iliyowafukuza.

Kanisa lenu linawezaje kuwa nadhifu na lenye umoja bila kumwingiza mtu yeyote kwenye deni?

ALHAMISI
Kiti cha Mlinzi

Soma Yakobo 2:1–9. Ni nani aliyetenda dhambi katika mfano huu: mwenye pete, mwenye mavazi mabovu, au wale waliowapokea?

Yakobo hamlaumu tajiri kwa sababu ya vazi lake, wala maskini kwa sababu ya lake. Anawakemea wakaribishaji. Fikiria, basi, mlinzi wa Kimasai anayetoka zamu asubuhi ya Sabato. Amesikia nyimbo mara nyingi akipita, na leo ameamua kuingia. Ana lubega lake, makubazi yake na fimbo. Mlangoni anaambiwa kwa upole arudi siku nyingine akiwa amevaa suruali. Anaitikia kwa heshima, anaondoka. Nyuma yake anaingia mtu mwenye suti ya bei kubwa, anaongozwa hadi kiti cha mbele. Ibada inaendelea bila kasoro yoyote, na kitabu cha mahudhurio hakionyeshi kwamba kuna nafsi iliyopungua.

Sasa soma Matendo 9:36–41. Yafa ulikuwa mji wa bandari, kama Mwanza. Dorkasi alipofariki, wajane hawakusimulia jinsi yeye alivyovaa. Walionyesha kanzu alizowashonea. Nguo hizo hazikuwa na jina la Babeli, lakini kila mshono ulimjua mtu aliyeshonewa. Hiki ndicho kipimo ambacho idara ya Dorkasi katika makanisa ya leo imerithi: thamani ya nguo hupimwa kwa mtu iliyemsitiri.

Na kwa kila mwamini, mwenye suti na mwenye lubega, liko vazi moja ambalo hakuna awezaye kulinunua. Katika mfano wa Yesu, aliyetolewa nje ya arusi hakuwa na vazi la arusi (Mathayo 22:11–13), na Kristo huwashauri Walaodikia wachukue kwake mavazi meupe (Ufunuo 3:18). Haki ya Kristo haina daraja la kwanza na la pili. Waliosimama mlangoni wakilinda heshima ya kanisa wanaihitaji sawasawa na yule waliyemrudisha.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura ya “Mavazi” katika kitabu cha Ellen G. White, Huduma ya Uponyaji. Mwandishi alijishughulisha na afya ya mvaaji pamoja na adabu yake: vazi liwe safi, la kudumu, lenye kusitiri, lisilobana wala kulemea mwili, na lisitawaliwe na mitindo inayobadilika kila msimu. Angalia kwamba vipimo hivyo vyote vinaweza kutumika kwa suti, kwa kanzu na kwa shuka. Hakuna kipimo hata kimoja kinachohitaji jina la mbunifu.

Maswali ya kujadili:

1. Mtu akifika kanisani kwenu kwa mara ya kwanza akiwa na vazi la kabila lake lenye kusitiri, nani atampokea, na atamketisha wapi? Semeni kweli.

2. Kijana wa kanisa anataka kuvaa sketi kama msanii aliyemwona kwenye simu. Mzazi atatumiaje Kumbukumbu 22:5 kwa upole, bila dhihaka na bila kuilegeza kanuni?

3. Katika darasa lenu, piga hesabu ya sare zilizoshonwa katika miaka mitatu iliyopita. Ni watu wangapi wasio na vazi ambao wangesitiriwa kwa nusu ya fedha hizo? Soma Luka 3:11 kabla ya kujibu.

4. Kabla ya Sabato ijayo, chagueni mtu mmoja ambaye hajafika ibadani kwa sababu ya nguo. Ni nani atakayemtembelea, na ataenda na nini mkononi?