Mwenyeheri Aitwaye Bwana Chui

Mabanga, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, mashariki mwa Kongo, familia nyingi za Wanande zinajua mtoto ataitwa nani hata kabla hajazaliwa. Mvulana wa kwanza kwa kawaida ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Msichana wa kwanza ni Masika. Jina linaonyesha zamu ya mtoto kwa mama yake, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja hutofautiana majina na hakuna anayetilia shaka udugu wao. Kwa Waingereza mambo yalienda kwingine: Johnson aliitwa hivyo kwa kuwa babake ni John, kisha jina likaganda, likarithiwa na vitukuu ambao baba zao si akina John tena.

Siku ya ubatizo ndipo palipozuka mzozo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, aliongeza mwenyewe jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Kambale akatoka kanisani akiwa pia Joseph. Je, Mungu hakumjua alipokuwa Kambale tu?

Mwaka 1972 Mobutu, rais wa nchi wakati huo, alijibu kwa amri. Alipiga marufuku majina ya Kizungu, akajiita Sese Seko, na mapadri wakatishiwa jela. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, ikambidi akae Roma kwa muda. Na huyu hakuwa mtu wa kudharau mila: alipigania misa yenye nyimbo na lugha za Wakongo. Amri ile ilikuwa na kosa lilelile la wamisionari wakali, la kudhani kwamba mtu hageuki mpaka jina ligeuzwe, tena kwa nguvu.

Sheria mpya ya Kanisa, ya 1983, inataka tu jina lisipingane na hisia ya Kikristo.

Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, kijana wa Goma alitangazwa mwenyeheri: Floribert Bwana Chui bin Kositi. Floribert ni jina la askofu wa kale wa Liège, Ubelgiji. Bwana Chui ni Kiswahili kitupu. Bin ni Kiarabu kilichopanda kutoka pwani. Kijana huyo alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, na muda wake mwingine aliwapa maibobo, watoto wa mitaani, pamoja na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Mwaka 2007 alikataa hongo ya kupitisha vyakula vilivyoharibika, akatekwa, akauawa akiwa na miaka 26.

Kanisa halikumbadilisha jina. Mzazi wa Mabanga anayetaka kumkabidhi mwanawe kwa mwombezi wa mji wake anaweza kumwambia padri aandike Bwana Chui, na sheria ya 1983 haimzuii.