Merikebu Iliyopita

Katika makumbusho ya sanaa ya Brussels, mji uliotutawala sisi Wakongo tangu mwaka 1908 hadi 1960, imetundikwa taswira iliyonunuliwa mwaka 1912 na inayonasibishwa na Pieter Bruegel, mchoraji aliyefariki mwaka 1569, ijapokuwa wajuzi wengi hudhani kuwa ni nakala ya kazi yake iliyopotea. Hekaya yake ni ya Wayunani wa kale: Daedalus, fundi aliyezuiliwa na mfalme kisiwani Krete, aliunda mabawa ya manyoya na nta, akamwusia mwanawe Icarus asiruke juu mno, kijana akaghafilika, akalikaribia jua, nta ikayeyuka, akaanguka baharini akafa maji.

Ovid, mshairi wa Kirumi, alisimulia kwamba mkulima, mchungaji na mvuvi waliwaona wawili hao angani wakastaajabu. Bruegel aliwachora watu wale wale watatu, lakini akawanyima mshangao: mkulima yu nyuma ya plau yake, mchungaji ameelekea kwingine, mvuvi ameinamia maji, na miguu ya anayezama yaonekana kwa shida pembeni, karibu na merikebu iliyotweka matanga.

Watazamaji wengi humlaumu mkulima. Mimi mzaliwa wa Butembo, mashariki mwa Kongo, siwezi. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni, majirani zetu, wamechinjwa, Eringeti, Oicha, Mbau na kwingineko, na wengi wameuawa wakiwa shambani. Hata hivyo kila alfajiri utawaona akina mama, vikapu mgongoni na mkanda wa kikapu kipajini, wakiielekea mihogo yao, kwa kuwa njaa nayo huua. Kichakani mwa taswira ile, kando ya shamba, mmefichika kichwa cha maiti. Anayelima karibu na maiti hakukosa huruma. Amekosa njia nyingine.

Lawama yangu i juu ya merikebu. Ina matanga, ina mabaharia, ina usukani, nayo i karibu na kijana. Nasi tunayo merikebu yetu, nayo ni biashara. Kakao ya Beni, ambayo wenye mashamba wameuawa wakiichuma, huvuka mpaka wa Kasindi ikafika ng'ambo ikawa chokoleti. Shehena husafiri kwa amani kutoka katika ardhi ambayo mwenyewe hana amani ya kuikanyaga. Enyi mnaoinunua, nanyi serikali mnaoitoza ushuru, kabla ya kupima uzito wa magunia ulizeni ni nani aliyeichuma, na kama yu hai.