Dua ya Safari na Mkono wa Rushwa

 

Ndugu zetu Waislamu, safari ya kutoka Mombasa kwenda Tanga si safari ya ugenini kwa watu wa pwani. Tuna mashangazi huko, nao wana wajomba huku. Twaozana na twazikana. Walakini tangu mwaka 1886, Waingereza na Wajarumani walipopatana kuigawa nchi kwa mstari uanzao mlangoni mwa mto Umba, njia hiyo imekatwa na mpaka. Tena mpaka huo uliwahi kufungwa baada ya kuvunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, usifunguliwe illa mwaka 1983. Leo, baada ya Jumuiya kufufuliwa kwa mkataba wa 1999, maafisa wa nchi mbili hukaa pamoja Lunga Lunga na Horohoro, na msafiri husimama mara moja tu, upande ule anaouingia. Hii ni neema, na neema yataka shukurani. Je, sisi twaishukuru namna gani?

Si siku nyingi tulifunga safari njia hiyo, watu wanne wa darsa yetu, kwenda kumzika jamaa. Tulipanda gari la abiria, na kabla ya kuondoka mmoja wetu akaisoma dua ya safari kwa sauti, gari zima likaitikia Amina. Mahali fulani njiani, ambapo hatutapataja, tukasimamishwa kukaguliwa. Afisa akalizunguka gari, akainama, akaona tairi moja la nyuma limekuwa kipara hata nyuzi zake zaonekana. Akataka kizima-moto, kikatolewa, nacho ni kitupu. Akasema gari hili lisiendelee.

Utingo akaingia ndani akavua kofia yake, akaipitisha: "Jamani, kila mtu shilingi hamsini, tusije tukakosa maziko." Watu wakatoa. Na sisi tukatoa. Alikuwako nyuma mama mmoja mtu mzima, yeye hakutoa. Alisema: "Wanangu, fedha ya nauli ninayo. Ya kununulia mauti yangu sina." Watu wakacheka, na twaona haya kusema kwamba na sisi tulicheka. Haikupita muda, gari lile lile, kwa tairi lile lile, likaambiwa ni zima.

Hatuyasemi haya kwa kumfedhehesha mtu, bali kwa kuzishitaki nafsi zetu. Mikono tuliyojipangusia nyuso baada ya dua ndiyo tuliyoitia mifukoni kutoa rushwa. Tulimwomba Mwenyezi Mungu salama, kisha tukalipa ili tunyimwe salama hiyo. Na Mtume wetu (S.A.W.), alipoulizwa na mwenye ngamia kama amwache kwa kutawakali, alimwamrisha amfunge kwanza, ndipo atawakali. Tairi zima ndiyo kamba ya ngamia wa leo.

Watu wana hoja zao katika jambo hili, na yatupasa tuzipime.

Wako wasemao: mpaka huu ni wa wakoloni, hatukuulizwa ulipochorwa, basi kuukwepa si dhambi. Twajibu: tairi lililokwisha halimjui mkoloni; hupasuka huku na hupasuka huko. Tena mwenye kupokea pasi ya kusafiria na kugongewa muhuri amekubali ahadi, na Suratul Maida yaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize ahadi zao.

Wako wasemao: ile si rushwa, ni chai tu, zawadi ya mtu aliyesimama juani. Na wakumbuke khabari ya Ibnul Lutbiyya iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka, aliporudi akagawa mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akakasirika, akauliza: lau mtu huyo angalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hizo zingalimfikia? Na sisi twauliza: afisa yule angalikuwa kwao amelala, nani kati yetu angalimpelekea chai?

Na wako wenye elimu kidogo wasemao: maulamaa wameruhusu kutoa kwa dharura. Ni kweli wengi katika mafakihi wamesema kwamba mwenye kuzuiliwa haki yake, wala hana njia nyingine ya kuipata, akitoa ili ajiondolee dhulma, dhambi ni ya mpokeaji. Lakini sharti ni haki na dhulma. Sisi hatukudhulumiwa. Afisa alikuwa amesema kweli, nasi tukamlipa aiache kweli. Hiyo ndiyo rushwa ambayo Mtume amemlaani mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Na Suratul Baqara, aya ya 188, yatukataza kuwapelekea wenye hukumu mali ili tupate batili.

Basi, ewe mwenye gari, faida uipatayo kwa kuchelewesha tairi mpya imo katika roho za abiria wako, nawe utaulizwa kwazo. Ewe dereva, kizima-moto si pambo la kumwonyesha afisa. Nawe afisa, uliye mtoto wetu, cheo chako ni amana; aliyekosa mzuie, na aliyetimiza mwache apite. Na sisi abiria tulitazame gari kabla ya kulipa nauli, tutoke nyumbani mapema, kwani rushwa hupata riziki yake katika haraka zetu, na kila tunapotakiwa malipo tutake risiti. Yasiyo na risiti tuyaogope.

Tumetubu kwa Mola wetu, na tumeahidiana katika darsa kwamba kofia ile ikipitishwa tena mbele yetu, itapita tupu. Kukosa maziko kuna udhuru. Kununua mauti ya watu kwa shilingi hamsini hakuna.

Ewe Mola, utuhifadhi safarini na nyumbani, na umlipe kheri mama yule aliyetufunza tuliyokuwa tukiyasoma. Amin.