Mshumaa wa Desemba 21

"Mimi ni mchawi," alisema dada wa kaunta huku akinifungia mshumaa kwenye karatasi. Alisema kama mtu anavyosema mimi ni Mlutheri, au mimi ni fundi cherehani. Niligeuka haraka kutazama mlangoni, kuona nani kasikia. Mama mmoja na mtoto wake walikuwa wanachagua mawe ya rangi. Hawakuinua hata vichwa.

Ilikuwa Desemba 21, mjini Salem, Massachusetts, kama nusu saa hivi kwa treni kutoka Boston. Saa kumi na robo jioni jua lilikuwa limeshazama. Kwetu Shinyanga jua halina tabia hiyo, na sikuwahi kuelewa kwa nini watu wakeshe na moto kusubiri siku zianze kurefuka. Siku ile nilielewa. Kusema kweli, baridi ndiyo iliyoniingiza dukani kabla ya udadisi.

Ndani palinukia ubani. Mitungi ya majani makavu, mizizi, kadi za ramli, vitita vya majani ya kufukizia. Ukiondoa mashine ya kulipia kwa kadi ya benki, ni upande wa waganga katika soko lolote la kwetu. Dada yule alinieleza kwa upole kwamba dini yake haihusiani na kumdhuru mtu, na kwamba aliyeieneza ni Gerald Gardner, Mwingereza mstaafu wa idara ya forodha, baada ya sheria ya zamani ya uchawi kufutwa kwao mwaka 1951. Nilimwamini. Lakini mikono yangu ilikuwa inatoka jasho.

Bibi mzaa mama alikuwa na macho mekundu. Alipika miaka hamsini kwa kuni na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yangekuwaje? Mtoto wa jirani alipofariki, watu waliacha kumsalimia. Mjomba alimhamishia Kahama usiku, na vyombo vyake viwili. Kijiji kile kilikuwa kimeshazika vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho ya namna hiyo, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza mjomba kwa nini usiku. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Kabla hajaondoka, kwa wiki mbili nzima, nilikataa kula chakula chake. Nilisema nimeshiba. Aliondoa sahani bila kunilazimisha, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko mengine yote.

Kwa hiyo wazo langu la kwanza lilikuwa la hasira: hawa wanachezea damu ya watu. Hata magari ya polisi ya Salem yana picha ya mchawi juu ya ufagio. Nilitoka nikaenda kwenye kumbukumbu ya waliouawa, iliyojengwa mwaka 1992, miaka 300 baada ya kesi zile. Ni viti vya mawe vilivyochomoza ukutani, kila kimoja na jina. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, alinyongwa Julai 19, 1692. Watu 19 walinyongwa, na Giles Corey akafa kwa kukandamizwa na mawe. Kilichonishika ni kwamba walionyongwa ni waliokataa. Waliokiri, akianza Tituba aliyekuwa mtumwa, walipona. Neno alilolisema yule dada kwa tabasamu ndilo Rebecca alilokataa kulisema, ingawa lingemwokoa.

Basi nani ana haki ya kulisema? Yule dada angejibu, nadhani, kwamba neno likitumiwa kila siku hupoteza makali. Inawezekana. Ila silaha hupoteza makali kwa aliyeishika, si kwa aliyewekewa shingoni. Kwetu Sheria ya Uchawi ya 1928 ingali ipo, na kujitangaza kuwa na uwezo wa uchawi ni kosa, kama ilivyo kuuza zana zake. Duka lile lingefungwa asubuhi. Lakini bibi hakujitangaza wala hakuuza chochote. Sisi ndio tuliompa jina hilo, wengine kwa mdomo, mimi kwa sahani iliyorudi imejaa.

Na hapo hasira yangu kwa yule dada ilikosa pa kukaa. Yeye amejichagulia jina na hajamdhuru mtu. Mimi sikuwahi kumwita bibi chochote, na bado nilikuwa upande wa wale wenye mapanga. Alifariki Kahama nikiwa kidato cha tatu. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilijiambia kwamba nilikuwa mtoto, na kweli nilikuwa mtoto, lakini ile njaa niliyoivumilia kwa wiki mbili ilikuwa yangu.

Usiku niliuwasha mshumaa dirishani, nikampigia mama. Akauliza mbona ninaonekana gizani.

"Nimewasha mshumaa, mama."

"Huko nako umeme unakatika?"

Nikamwambia hapana. Nikamuuliza kama bibi aliwahi kumwambia habari za chakula. Mama alikaa kimya, kisha akasema, "Alikuwa anakuwekea kiporo, kwamba labda usiku utasikia njaa."

Mshumaa ulikuwa bado mrefu.