Rangi Juu ya Mbao: Je, Ni Uongo?



Mtu mwenye kabati la kale la msonobari, zima bado lakini limechujuka, aweza kulipamba upya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulipaka rangi na kulichora maua, kama walivyofanya wenyeji wa Telemark na Hallingdal, katika nchi ya Norwe, tangu karne ya 18. Ya pili ni kuuigiza mti wa thamani. Fundi hupaka kwanza rangi ya manjano. Ikiisha kukauka hutia juu yake rangi nyepesi ya kahawia, na hiyo ingali mbichi huiburutia kitana, akachora mishipa na mafundo, hata atazamaye adhani ni mahogani. Je, njia hizi mbili ni halali sawasawa?

Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya taa saba za ujenzi, alisema ya kuwa kupaka kitu rangi kionekane kitu kingine, kama mbao kuigizwa marumaru, ni udanganyifu. Neno hili ni kali. Nyumba ya George Washington huko Mount Vernon, Marekani, ni ya mbao. Kuta zake za nje zilichongwa na kupakwa rangi iliyotiwa mchanga, zionekane kama mawe. Je, tumwite mwenye nyumba mwongo?

Labda Ruskin mwenyewe atatusaidia. Alikubali ya kuwa kuutia ukuta dhahabu si udanganyifu, kwa kuwa hapana adhaniye kwamba ukuta ni dhahabu tupu. Bali pambo la mwilini likitiwa dhahabu hudanganya, kwa kuwa watu hulidhania dhahabu kweli. Basi kipimo ni hiki: mtazamaji amefanywa aamini nini, naye atapata hasara gani kwa kuamini?

Kwa hiyo mtu aliigizaye kabati lake mahogani, akakaa nalo nyumbani, na akiulizwa husema, "Ni msonobari," hakumdhulumu mtu. Lakini akilipeleka sokoni, akanyamaza huku mnunuzi akihesabu fedha ya mahogani, kunyamaza kwake ni wizi.

Tena maua yale ya Norwe, yasiyoigiza mti wo wote, nayo yaweza kusema uongo. Yakichorwa juu ya ubao ulioliwa na wadudu, yatamwambia mnunuzi kwamba kabati ni zima, na siku moja mguu utavunjika, vyombo vyake vipotee. Fundi mwaminifu kwanza hung'oa ubao mbovu na kutia mpya, huziba matundu, hupiga msasa. Ndipo ashikapo brashi.

Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kuwa kipande cha mti si aibu, na kupambwa si aibu. Ila anunuaye na aambiwe ni mti gani, na ya kuwa ni mzima.